Kompyuta imesema kihamba cha bibi ni msitu wa asili. Wajuzi wa picha za setilaiti, njooni mnisaidie

#1 MwanaKihamba

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko nyumbani Kibosho kwa likizo isiyo likizo, maana nimepanda huku na kompyuta na tasnifu ya uzamili. Chuo nakisitiri. Nachunguza mabadiliko ya uoto upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, kuanzia vihambani, yaani mashamba yetu ya migomba na miti yanayozunguka nyumba, hadi msitu unapokomea juu, kwa kulinganisha picha za setilaiti. Ya zamani ni ya Landsat, setilaiti ya Marekani, Februari 1987. Mpya ni ya Sentinel-2 ya Ulaya, ya juzijuzi, mwezi Juni.

Jana baada ya chakula nikamwonyesha bibi ramani niliyoitolea jasho miezi minne. Nikamweleza: kijani kilichokolea ni msitu wa asili, kijani mpauko ni mashamba, kahawia ni udongo mtupu. Akavaa miwani, akauliza, "Sisi tuko wapi hapa?" Nikamwekea kidole. Kidole kimetua katikati ya kijani kilichokolea. Bibi akatazama ramani, akatazama migomba yake dirishani, akasema, "Kwa hiyo nimeolewa porini na hakuna aliyenitonya?"

Nyumba nzima imecheka. Mimi usingizi umekata.

Maana si kihamba chake tu. Kwa ramani yangu Kibosho, Uru na Old Moshi zote zina msitu mwingi leo kuliko 1987. Msimamizi wangu alishaifurahia hiyo sura ya nne, anasema ni habari njema. Bibi anasema ni maparachichi na migrivea waliyopanda baada ya bei ya kahawa kuanguka na watu kung'oa mibuni.

Nimekosea wapi? Nina wiki sita kabla ya kuwasilisha.

#2 Mbege Baridi

Nimevuta kiti. Bibi apewe shahada yake kwanza, wewe utasubiri.

#3 Mama Parachichi

Mwanangu mie mfanyabiashara wa Mbuyuni, sijasoma hayo mambo, ila nimevutiwa. Hiyo setilaiti inaujuaje mti? Inapiga picha kama simu halafu mtu anakaa anahesabu?

#4 MwanaKihamba

Mama shikamoo. Swali zuri, na nikikujibu vizuri huenda na mimi nikaona nilipojikwaa.

Inapiga picha, ila inaona zaidi ya macho yetu. Jicho linaona nyekundu, kijani na bluu. Setilaiti inaona hizo na mwanga mwingine unaopita kidogo baada ya nyekundu, tunauita infraredi ya karibu. Jani bichi lina tabia moja ya ajabu: mwanga mwekundu linaumeza, ndio chakula chake, lakini huo wa infraredi linaurudisha juu karibu nusu yake. Jani likinyauka, tofauti hiyo inapungua. Udongo hauna tofauti kubwa kati ya hizo mbili.

Basi watu wakatunga hesabu ndogo: infraredi toa nyekundu, gawa kwa jumla ya zote mbili. Inaitwa NDVI. Mfano, mgomba wenye afya unarudisha 0.40 ya infraredi na 0.04 ya nyekundu. Toa, unapata 0.36. Jumlisha, 0.44. Gawanya: 0.82. Udongo mkavu wa kule Njiapanda ya Himo ukirudisha 0.28 na 0.20, unapata 0.17 hivi. Kila kipande cha ardhi kinapewa namba yake.

Kipande chenyewe ndio pikseli. Cha Landsat ni mita 30 kwa 30, cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Kwa hiyo ekari moja ya kihamba ni pikseli nne na nusu tu za Landsat, ila ni kama 40 za Sentinel.

Baada ya hapo unaifundisha kompyuta. Unaionyesha mifano: hapa msitu, hapa shamba, hapa maji. Inajifunza, halafu inapaka mlima mzima rangi. Kanuni niliyotumia inaitwa Random Forest, yaani nimetumia msitu ulio ndani ya kompyuta kuhesabu msitu ulio mlimani, na wote wawili wamenipotezea njia.

#5 Mama Parachichi

Sasa hapo mbona jibu umeshalitoa mwenyewe? Parachichi ni kijani mwaka mzima, msitu ni kijani mwaka mzima. Mwekundu utamezwa kotekote.

#6 Mbege Baridi

Mama kamaliza. Admin funga uzi.

#7 Kimbunga cha Ngarenaro

Mnasumbuka bure. Picha za wazungu hizo, wanatupiga kutoka juu wanajua madini yako wapi, tunayotupiwa sisi ni makapi. Halafu kijana wa Kibosho anakwenda kusoma Kibosho kwa jicho la Marekani. Angefungua mlango tu akatazama nje.

#8 Binti Tengeru

Kimbunga, hapo kwenye kufungua mlango uko sawa, hapo kwenye makapi hapana. Picha za Landsat ni bure kwa kila mtu tangu 2008. Setilaiti ya kwanza ya ukoo huo ilirushwa 1972, na picha ileile anayoichambua profesa wa Marekani ndiyo ninayoishusha mimi hapa Tengeru umeme ukiwepo. Za Sentinel za Ulaya nazo ni bure. Mwaka 2013 watu wa Chuo Kikuu cha Maryland walitoa ramani ya dunia nzima ya miti iliyopotea na kuongezeka, pikseli ya mita 30, na wewe unaweza kuifungua kwa simu yako Ngarenaro sasa hivi.

Ila uisome kwa akili. Kwao mti ni chochote kilichozidi mita 5. Hawajauliza kama una matunda au una nyani.

MwanaKihamba, pole. Naona makosa matatu, na nayajua kwa sababu mawili nimeyafanya mwenyewe.

La kwanza ni miezi. Februari 1987 ni kiangazi, mwisho kabisa wa ukame kabla ya masika. Juni ni baada ya mvua, hata ukingo wa barabara umeota. Umelinganisha mtu mwenye njaa na mtu aliyetoka harusini, halafu ukasema amenenepa. Tafuta picha za mwezi mmoja, au chukua picha zote za mwaka na utazame namba inavyopanda na kushuka. Mahindi yanapanda na kuanguka. Msitu wa mvua unakaa palepale. Kihamba kinatikisika kidogo, kwa sababu mgrivea unapunguzwa matawi na mgomba unakatiwa majani ya ng'ombe. Huko kutikisika ndiko kutakusaidia.

La pili, NDVI ina dari. Majani yakishajaa kiasi fulani namba haipandi tena, iwe ni tabaka nne za majani au nane. Ndio maana parachichi, mgomba na mti wa mita 40 wote wanakusomea 0.8 na kitu. Usiitegemee peke yake. Sentinel-2 ina bendi 13, yaani vipande 13 vya mwanga, zitumie hasa zile za infraredi ya mawimbi mafupi zinazohisi maji ndani ya jani, na zile za pale nyekundu inapogeuka infraredi.

La tatu nitarudi, gari la chuo linaondoka.

#9 Theodolaiti

Mimi ni mpimaji ardhi, nimestaafu. Mkuu MwanaKihamba, nina swali moja la kizee. Mpaka wa hifadhi na vijiji uliochora kwenye ramani yako umeupata wapi?

#10 MwanaKihamba

Shikamoo mzee. Nimeuchora kutoka ramani ya karatasi ya zamani, ile ya skeli ya 1:50,000. Niliipiga skani, nikaipachika kwa kuandika namba za gridi kwenye pembe nne.

#11 Theodolaiti

Marahaba. Na kwenye programu ulichagua mfumo gani wa viwianishi?

#12 MwanaKihamba

WGS 84, ule wa GPS, kanda ya 37 Kusini. Ndio inakuja yenyewe.

#13 Theodolaiti

Nilijua tu.

Zile ramani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Dunia ni ileile, ila tufe la hesabu ni jingine na kitovu kimewekwa pengine. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kama WGS 84, hapa kwetu kila kitu kinaruka karibu mita 300 kuelekea kaskazini. Huku Kibosho kaskazini ni wapi? Ni juu mlimani. Maana yake mpaka wako umepanda mlima, na ukanda mzima wa msitu wa kweli umeanguka upande wa kijiji. Kile mnachokiita Nusu Maili, ule ukanda wa msitu kati ya vijiji na hifadhi, kina upana wa mita 800 hivi. Umemega zaidi ya theluthi yake ukawagawia wanakijiji bila hata mkutano.

Haielezi kwa nini kihamba cha bibi kimegeuka pori, maana bibi yuko chini. Lakini inaeleza vijiji vya ncha ya juu.

Kwenye kazi nimeona mambo haya yakizaa kesi za mipaka. Watu wawili wameshika karatasi mbili, wote wakweli, na katikati yao kuna mita 300 za ugomvi.

#14 Mbege Baridi

Bibi yuko porini, mpaka umepanda mlima, mwenye habari njema ni msimamizi peke yake.

#15 MwanaKihamba

Mzee Theodolaiti, nimerekebisha usiku huu. Mpaka umeshuka na sasa umekaa vizuri juu ya ule mstari ambapo migomba inakoma. Kwa macho tu ilikuwa inaonekana, sijui sikuuona vipi. Asante sana mzee wangu.

#16 Mzee wa Olmotonyi

Vijana salaam. Nilisomea misitu Olmotonyi na nimezunguka mlima huu kwa miguu miaka mingi, naomba niseme neno refu kidogo, mnivumilie.

Huyo bibi asichekwe. Anajua jambo ambalo mashirika makubwa yanagombania mezani. Ukisoma tafsiri inayotumika Tanzania katika kuhesabu misitu, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye kivuli cha miti asilimia 10 au zaidi, na miti inayoweza kufika mita 3. Kwa kipimo hicho kihamba kizuri kinaingia bila kubisha hodi. Tafsiri ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo ina nusu hekta na asilimia 10, urefu ni mita 5, lakini inaongeza kwamba ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo haihesabiwi. Sasa niambieni, matumizi yanaonekana kutoka juu? Setilaiti inaona kifuniko cha sufuria, haioni kinachopikwa.

Kihamba kina tabaka. Juu kabisa utakuta mruka, mringaringa, mgrivea, na msesewe ambao gome lake mnalijua kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe. Pembeni masale ya mpaka. Zaidi ya hapo, mruka na mringaringa ni miti ileile ya asili ya ukanda ule, wazee waliiacha walipofyeka kupanda migomba. Kwa hiyo kompyuta iliposema msitu wa asili haikuropoka moja kwa moja. Imeona kivuli cha msitu uliobaki ndani ya shamba.

Upande wa pili, kuna hasara ambayo setilaiti hizo haziioni kabisa. Mwaka 2001 kulifanyika ukaguzi wa mlima kwa ndege ndogo, ikiruka chini chini juu ya msitu. Walihesabu zaidi ya mikulo 2,000 iliyokatwa, ile mnayoiita kamfa. Mkulo mmoja ukianguka ndani ya msitu mnene, majirani zake wanaziba pengo. Kwenye pikseli ya mita 30 hakuna kilichotokea. Msitu umeibiwa mbao zake zote nzuri na ramani bado ni kijani.

Na kinyume chake: nenda West Kilimanjaro au Rongai. Shamba la misonobari na misanduku likivunwa, ramani ya dunia inawaka nyekundu kana kwamba msitu umetoweka. Mwaka unaofuata wakulima wamepanda viazi na karoti katikati ya miche, miaka mitatu baadaye miche imewafunika. Ule ni mzunguko wa shamba la miti, mti ulipandwa ili ukatwe. Kijana ukichanganya hiyo na uharibifu wa msitu wa asili utapeleka askari wakamkamate mwenye kibali.

Usijifunzie mifano yako kwenye skrini. Nenda ukaisimamie.

#17 Kimbunga cha Ngarenaro

Mzee shikamoo. Hapo ndipo nilipokuwa nasema mimi. Mkubali tu kwamba hii kitu haifanyi kazi.

#18 Binti Tengeru

Nimerudi. Kimbunga, ungekuwa na shamba la ekari tano ungelipima kwa kamba. Ukipewa mlima mzima na miaka 40 nyuma, kamba utaifunga wapi?

Nikupe mfano wa hapahapa. Yuko mtafiti wa mimea, Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ametumia miaka mingi Kilimanjaro, kwa miguu kwelikweli, kishamba kwa kishamba cha sampuli. Yeye na wenzake ndio walioutangaza 2016 mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika, Entandrophragma excelsum wa mita 81.5, kwenye korongo la mlima huu. Mtu wa aina hiyo, anayejua kila jani, bado alihitaji picha za Landsat za 1976 na 2000 ili kuona kwamba ule msitu wa juu kabisa, wa mierika iliyofunikwa na kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, umeliwa na moto eneo kubwa na mstari wa msitu umeshuka. Hitimisho lake la 2005 lilishtua watu: kwa upande wa maji, kupotea kwa ule msitu unaokamata ukungu kuna uzito kuliko kuyeyuka kwa barafu ambako ndiko kunakopigiwa kelele. Asingekuwa mlimani asingejua ukungu unakamatwaje. Asingekuwa na picha asingejua ni eneo kiasi gani.

Sasa kosa la tatu, MwanaKihamba. Ulipoihakiki ramani yako, usahihi ulitoka ngapi?

#19 MwanaKihamba

Tisini na kitu kwa mia. Ndio maana nilijiamini.

#20 Binti Tengeru

Na vituo vya kuhakiki umevipata wapi?

#21 MwanaKihamba

Niliviweka kwa kutazama picha ileile kwenye kompyuta.

#22 Binti Tengeru

Ndiyo hiyo. Umetunga mtihani, ukaufanya, ukausahihisha.

Na hata ungekuwa umehakiki vizuri, hiyo tisini inabebwa na maeneo rahisi. Nani atakosea barafu ya Kibo? Nani atakosea jangwa la juu, au miwa ya Arusha Chini? Vituo vyako vingi vikiwa huko unapata A bila jasho. Angalia kihamba na msitu peke yake, hivyo viwili tu, uone asilimia inabaki ngapi. Na usilete jibu hapa, lilie kwanza kidogo.

Dawa nyingine ni urefu. Kuna chombo cha leza kinaitwa GEDI, kilipelekwa Desemba 2018 kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kinasimamiwa na haohao Maryland. Kinapiga mwanga chini, kinapima tofauti ya muda kati ya kilele cha mti na ardhi. Kila pigo ni duara la mita 25. Vihamba vitakusomea urefu wa chini wenye mchanganyiko, msitu utakusomea mita 30 na kuendelea. Ila jihadhari na makorongo. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, ndani ya duara moja la mita 25 ardhi yenyewe imeshuka mita 14. Chombo kinaweza kukuambia kuna mti wa mita 14 mahali penye majani ya ng'ombe tu.

#23 MwanaKihamba

Nimeangalia hivyo viwili peke yake. Nimelia.

#24 Mgongo wa Mlima

Mimi mpagazi, njia ya Marangu. Sina elimu hiyo ila kuhusu moto naweza kusema.

Oktoba 2020 moto ulianza tarehe 11, pale Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Tuliitwa vijana wengi, wa vijijini, wa vyuo, kila mtu na tawi lake bichi. Watu wanadhani moto ni ule unaouona. Kule juu moto unaingia chini, kwenye mizizi ya mierika na lile tabaka la majani makavu ya miaka. Unapiga, unazima, unanywa maji, ukigeuka unakuta umetokea nyuma yako hatua ishirini. Usiku kutoka Moshi mjini mlikuwa mnaona utepe mwekundu, sisi tulikuwa ndani ya huo utepe.

Kuna kijana alikuwa na simu, anatuonyesha doa za moto zilizopigwa na setilaiti. Doa moja lilikuwa limekaa juu ya mahali tulipokuwa tumesimama na hapakuwa na moto. Tukamcheka. Baadaye akasema doa si mahali penyewe, ni katikati ya eneo kubwa. Hilo nimetaka kuuliza, ni kweli au alikuwa anajitetea?

#25 Binti Tengeru

Kaka, kwanza ahsanteni kwa kazi ile.

Alikuwa mkweli. Doa hizo zinatoka kwenye vyombo vinavyohisi joto. Cha zamani kinaitwa MODIS, pikseli yake ni kilomita moja. Kipya ni VIIRS, mita 375. Moto mdogo popote ndani ya kipande hicho unawasha kipande kizima, na doa linachorwa katikati. Mkiwa mmesimama katikati na moto uko bondeni mita 150 kulia, simu inasema mnaungua. Halafu setilaiti inapita mara chache kwa siku na taarifa inachelewa saa kadhaa. Kwa mzimaji ni habari ya jana, kwa mtafiti ni kumbukumbu nzuri.

Kovu la moto ndilo linalopimwa vizuri. Unachukua picha ya kabla na ya baada, unalinganisha infraredi ya karibu na ile ya mawimbi mafupi. Palipoungua ya kwanza inaanguka na ya pili inapanda. Kovu la 2020 na la moto wa Oktoba 2022 kule karibu na kambi ya Karanga yanaonekana kwa pikseli ya mita 20.

#26 Mgongo wa Mlima

Basi ntamwomba msamaha, anauza simu Kiborlioni siku hizi.

#27 Kijana wa Pesa

Wakuu mnazunguka sana. Hela ya kaboni inapatikanaje hapo? Nina vihamba viwili vya urithi Machame, setilaiti ikisema ni msitu si nalipwa?

#28 Mzee wa Olmotonyi

Kijana, tulia. Biashara ya kaboni ina kanuni zake tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wanaolipwa wanalipwa kwa kuonyesha kwamba hewa ukaa imezuiwa kwa juhudi ambazo bila mradi zisingekuwepo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu, wanalinda maelfu ya hekta kwa pamoja. Vihamba viwili vyenye miti aliyopanda babu yako kwa sababu zake, utasema umezuia nini? Labda muungane kijiji kizima, na hapo mtaanza kugombana nani mti wake mnene.

#29 Kijana wa Pesa

Sawa mzee. Nimerudi kwenye parachichi.

#30 Mama Parachichi

Karibu, ila leta zilizokomaa, sio zile mnachuma usiku.

MwanaKihamba mwanangu, nimefikiria jambo. Mimi nanunua Kibosho, Uru na Kilema tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Najua nani ana miti mikubwa ya kienyeji, ile ya kupanda kwa kamba, na nani amepanda Hass zile fupi za kubebesha. Najua hata nani aling'oa kahawa mwaka gani, maana alikuja kuomba mkopo. Ukitaka tunaweza kuzunguka siku ya kukusanya mzigo, wewe na hicho kidude chako cha kuchukua alama.

#31 MwanaKihamba

Mama, umeniokoa. Nakuja.

#32 MwanaKihamba

Wakuu, nimekuwa kimya siku kumi na nane. Nawapa mrejesho.

Nimezunguka na Mama Parachichi siku nne nyuma ya gari la mzigo. Nimechukua alama 140 kwa GPS, kila moja nimeandika kuna nini juu, katikati na chini. Alama 11 nimezitupa kwa sababu nilisimama chini ya mti mnene na GPS ikawa inanirusha ng'ambo ya mto. Nyingine sikuzipata, wenye vihamba walidhani napima kwa ajili ya barabara wakanifukuza, mmoja kwa mbwa. Mama ndiye aliyekuwa anasuluhisha.

Nimetupa picha ya Juni. Sasa natumia Januari na Februari kwa miaka yote, nimeunganisha picha kadhaa kila mwaka maana wingu la mlima huu halina huruma. Setilaiti inapita saa nne na kitu asubuhi, na saa hiyo msitu umeshaanza kujifunika shuka. Pale palipokosekana kabisa nimeongeza rada ya Sentinel-1, inayopenya wingu. Makorongo nayo yameniadhibu: jua la asubuhi liko mashariki, kwa hiyo miteremko inayotazama magharibi iko kivulini na kompyuta ilikuwa inaisoma kama msitu mweusi mnene. Nimesahihisha kwa kutumia umbo la mlima.

Nimeongeza kundi jipya, kihamba, lisilo msitu wala shamba la kawaida. Kihamba na msitu bado vinachanganywa, hasa kwenye ule ukanda wa juu ambako miruka mikubwa imebaki. Ila bibi ameshahama porini.

Kuhusu ongezeko la msitu: limeyeyuka. Kilichobaki ni kwamba ndani ya vihamba vivuli vimebadilika, baadhi vimezidi miti, vingine vimegawanywa kwa watoto na kujengwa. Msimamizi amekasirika siku moja, siku ya pili akasema sura hii ni bora kuliko ile.

Mzee wa Olmotonyi, nina ombi. Ukanda wa chini sina alama za msitu wa asili, na nasikia msitu wa Rau, wenye miti ya msoo, ndio mfano mzuri uliobaki karibu na mji wa Moshi. Sijui mti wa msoo ukoje.

#33 Mzee wa Olmotonyi

Umefanya vizuri kuuliza. Rau ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi, umezungukwa na mashamba ya mpunga, na mpunga ukiwa kijani utakuchanganya tena ukingoni, kwa hiyo tutaanzia ukingoni. Msoo nitakuonyesha, na mvule pia. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya jua. Vaa buti za mvua. Betri za GPS chukua za akiba.

#34 Kimbunga cha Ngarenaro

Na mimi nije? Nitoke Arusha na basi la kwanza.

#35 Mzee wa Olmotonyi

Njoo. Utabeba kamba ya kupimia.

#36 MwanaKihamba

Bibi ameuliza ramani mpya ikichapishwa inagharimu kiasi gani, anataka kuitundika sebuleni. Nimemwambia kihamba nimekipaka njano. Amesema hapana, aina ya ndizi zake haziivi njano, nitafute rangi nyingine.